Lucia ya Waswidi: imetoka wapi, na ukitaka kuifanya nyumbani unaanzaje

Mwaka wa kwanza mwanangu kuanza chekechea hapa Uswidi nililetewa karatasi mwishoni mwa Novemba, imeandikwa tarehe 13 Desemba kuna Lucia, mtoto aje na gauni jeupe refu mpaka miguuni, utepe wa kiunoni na mshumaa wa betri, wazazi mnakaribishwa saa 1 asubuhi. Mi nikajua ni kipaimara. Nikasema loh, sisi Waislamu jamani, hawa watu hawajui? Nikampigia simu dada mmoja wa kwetu Tanga aliyekaa huku miaka mingi, akacheka mpaka nikanuna, mwisho akaniambia we mpeleke tu mtoto, ni mishumaa na maandazi ya njano.

Kwa mwaka ule jibu hilo lilinitosha. Ila watoto wanakua, na mtoto akishafika miaka saba nane haridhiki na maandazi ya njano, anataka kujua huyo Lucia ni nani na kwa nini ana moto kichwani. Hapo ndo nikaanza kuuliza watu na kusoma, na nilichokigundua ni kwamba Waswidi wenyewe kila mmoja ana jibu lake. Mmoja anakwambia ni mtakatifu, mwingine anasema hapana ni usiku mrefu kuliko yote, wa tatu anakutajia mchawi anayepita angani, wa nne anasema ni mambo ya Wajerumani, na yupo wa tano anayekwambia kwa macho makavu kwamba ni mila ya Waviking. Huyo wa tano mwache. Hao wanne wengine wote wanasema kweli, ila kila mtu kashika uzi wake mmoja, na Lucia ni kama ukili, umesukwa kwa nyuzi zote hizo pamoja, ukivuta mmoja peke yake huoni mkeka.

Tuanze na giza, manake bila kulielewa giza la huku hii sherehe itaonekana kama maigizo tu. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tumezoea jua lenye adabu, linachomoza kwenye saa 12 asubuhi na kuzama kwenye saa 12 jioni, Januari mpaka Desemba, na ndo maana saa yetu ya Kiswahili inakaa vizuri, saa 1 asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, unaitazama nje na unaiona. Sasa lete saa hiyohiyo Stockholm tarehe 13 Desemba. Jua linachomoza kama saa 2:40 asubuhi na kufikia saa 9 kasoro alasiri lishazama. Ni masaa sita tu ya mwanga, na hayo masaa sita yenyewe jua halipandi juu, linatambaa pembeni kama mtu anayedaiwa, na mara nyingi kuna mawingu kwa hiyo hata hilo la pembeni hulioni. Kiruna huko kaskazini ndo kabisa, kuanzia karibu tarehe 10 Desemba jua halichomozi mpaka mwaka mpya unaingia. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa naenda kazini giza narudi giza, nikawa naona usingizi saa zote na hasira zisizo na mwenyewe, mpaka daktari akaniambia nianze kumeza vitamini D. Kwa hiyo mtu wa huku akikwambia mwanga ni jambo la kushangilia, hasemi kishairi, anamaanisha balbu na mshumaa.

Sasa huyo Lucia mwenyewe. Alikuwa msichana wa mji wa Sirakusa kisiwani Sisilia, kusini kabisa mwa Italia, akauawa mwaka 304 wakati Kaizari Diokletiano anawasaka Wakristo. Masimulizi yake yanasema alikataa kuolewa, mali ya mahari akawagawia maskini, na yule mchumba aliyekataliwa akaenda kumchongea kwa watawala. Kutoka hapo hadithi inakuwa ya miujiza, walimvuta kwa ng'ombe hakusogea, walimwashia moto haukumuunguza, mwisho akauawa kwa upanga. Utepe mwekundu ambao watoto wanajifunga kiunoni leo ni ile damu. Jina lake linatokana na neno la Kilatini la mwanga, na ndo maana Wakatoliki wanamhesabu kama msimamizi wa wenye matatizo ya macho, na kwenye picha nyingi za kanisani utamuona kashika sahani yenye macho mawili juu yake, picha ambayo nakushauri usimuonyeshe mtoto wa miaka mitano kabla ya kulala. Kuna na simulizi jingine, kwamba alikuwa anawapelekea chakula Wakristo waliojificha chini ya ardhi, na kwa kuwa mikono yake ilijaa vyakula aliweka mishumaa kichwani aone njia. Hilo wanalipenda sana walimu wa huku kwa sababu linaeleza taji la mishumaa kwa sentensi moja. Ni hadithi nzuri, lakini taji la mishumaa la Waswidi halikutoka kwake, tutafika.

Huko Sirakusa kwenyewe tarehe 13 Desemba wanatembeza sanamu yake ya fedha mitaani, na Wasisilia wanakula ngano iliyochemshwa kwa kukumbuka njaa ya mwaka 1646 wakati meli ya nafaka ilipotia nanga. Mila yao haina habari ya kuvaa mishumaa kichwani.

Swali linakuja, mtakatifu wa Kikatoliki amefikaje nchi ambayo karne ya 16 iliachana na Roma ikawa ya Kilutheri, na Walutheri wakawafagia watakatifu karibu wote? Jibu ni kwamba hakubaki kwa sababu ya utakatifu, alibaki kwa sababu ya tarehe. Hapa ndo panapochanganya watu wengi kwa hiyo nisikilize taratibu. Zamani Ulaya ilitumia kalenda ya Julius Kaisari, na ile kalenda ilikuwa na kasoro ndogo, mwaka wake ulikuwa mrefu kuliko mwaka halisi wa jua kwa dakika kama 11. Dakika 11 unaweza kusema si kitu, sawa na kusubiri daladala, lakini ziache zijikusanye, kila miaka 128 hivi zinakuwa siku nzima. Mpaka kufika karne ya 14 kalenda ilikuwa imeteleza kiasi kwamba usiku mrefu kuliko yote, ambao kwa kalenda ya leo ni kama tarehe 21 Desemba, ulikuwa unaangukia tarehe 13. Siku ya Lucia. Mkulima wa enzi hizo alikuwa hajui hesabu za nyota, alijua tu kwamba usiku wa Lucia ndo mrefu kushinda wote na baada ya hapo jua linaanza kurudi.

Kalenda ikaja kurekebishwa, Waswidi wakachelewa na kwa kweli waliikoroga vibaya. Waliamua kuhama polepole kuanzia 1700 kwa kuruka siku za mwaka mrefu, wakaruka ya kwanza, zilizofuata wakazisahau, wakajikuta wana kalenda ambayo hailingani na ya mtu yeyote duniani, ikabidi warudi nyuma kwa kuongeza siku, na mwaka 1712 nchi hii ilikuwa na tarehe 30 Februari. Sitanii. Mwishowe 1753 wakakata mara moja, baada ya 17 Februari ikaja 1 Machi. Usiku mrefu ukarudi mahali pake, lakini jina la Lucia likabaki tarehe 13 pamoja na mazoea yake yote. Kwa hiyo mtu akikwambia Lucia ni usiku mrefu kuliko yote, mwambie ulikuwa.

Na ule usiku mrefu haukuwa usiku wa amani. Vijijini Uswidi na Norwe waliamini kuna kiumbe wa kike anaitwa Lussi anapita angani na kundi lake, na mtu asikutwe nje. Kazi zote nzito za kabla ya Krismasi zilitakiwa ziwe zimekwisha, kupura nafaka, kusokota nyuzi, kuchinja nguruwe, na huko Norwe Lussi alikuwa anashuka kwenye bomba la moshi kukagua kama umemaliza (ningekuwa mimi angenikuta na nguo za wiki mbili hazijapigwa pasi). Wanyama zizini nao ilisemekana usiku huo wanaongea, kwa hiyo wanapewa chakula cha ziada, usije ukasemwa na ng'ombe wako mwenyewe. Watu wakawa wanakesha, na wakikesha wanakula, kifungua kinywa cha kwanza, cha pili, cha tatu, kabla hakujapambazuka, kwa sababu zamani baada ya hapo unaanza mfungo wa kuelekea Krismasi. Mtu aliyezoea daku atalielewa hili bila kuelezwa. Kukesha, kula kabla ya mwanga, mtu mmoja kuamka kabla ya wengine awaletee chakula gizani. Shika hiyo ya mwisho, mi naona ndo roho ya Lucia mpaka leo.

Sasa lile gauni jeupe na taji la moto. Wataalamu wa mila wanaelekeza kidole Ujerumani. Walutheri wa Ujerumani hawakutaka mtakatifu Nikolao awe ndo mgawa zawadi, wakamweka Mtoto Yesu badala yake, na kwenye maigizo ya majumbani huyo mtoto alikuwa anachezwa na msichana wa nguo nyeupe mwenye mishumaa kichwani. Mtindo huo ukavuka bahari ukaingia kwenye majumba ya wenye mashamba makubwa magharibi mwa Uswidi, na huko ukakutana na usiku wa Lucia na vifungua kinywa vyake. Kumbukumbu ya zamani kabisa iliyoandikwa ya Lucia wa nguo nyeupe ni ya 1764 kwenye nyumba ya namna hiyo Västergötland, mgeni kalala zake, anaamshwa alfajiri na msichana kavaa nyeupe, mishumaa na chakula mkononi. Ilikuwa mila ya matajiri wa mkoa mmoja, basi. Waswidi wengi wa karne ya 18 na ya 19 hawakuwahi kuiona.

Iliyoisambaza ni kama vitu vingine vyote, wanafunzi wa vyuo waliotoka mikoa ile wakaenda nayo Uppsala na Lund, halafu 1893 jumba la makumbusho la wazi la Skansen pale Stockholm likaanza kuifanya hadharani, halafu gazeti. Mwaka 1927 gazeti la Stockholms Dagblad liliandaa mashindano ya kumchagua Lucia wa Stockholm, magazeti ya miji mingine yakaiga, na ndani ya miaka michache kila mji una Lucia wake. Yaani hii kitu unayodhani ni ya kale sana, kwa sura yake ya leo haijafikisha miaka mia mbili, na iliyoisukuma ni biashara ya magazeti. Hata wimbo wenyewe mkubwa wa siku hiyo ni wa Napoli, wa mwendesha mashua anayesifia bahari pale kwenye mtaa wa pwani unaoitwa Santa Lucia, hauna theluji wala mtakatifu ndani yake. Waswidi wameuwekea maneno yao ya usiku na vivuli na kuuimba polepole, na mi nikiusikia gizani nikiwa nimesimama na buti zangu machozi yananitoka, Napoli au si Napoli.

Siku yenyewe inavyokwenda, kinachofanyika kinaitwa luciatåg, msafara wa Lucia. Mbele Lucia na taji. Nyuma yake wasichana wanaitwa tärnor, gauni jeupe na mshumaa mkononi, wengi wamejifunga ile mikufu ya plastiki inayometameta. Wavulana ni watoto wa nyota, kofia ndefu ya karatasi iliyochongoka yenye nyota za dhahabu na fimbo yenye nyota, na hawa wana historia yao kabisa, walitokana na maigizo ya zamani ya wale Mamajusi watatu waliofuata nyota, wakaja kuunganishwa na msafara wa Lucia baadaye. Nyuma kabisa wadogo wa nguo nyekundu na taa, wale vibwengo wa Krismasi, na siku hizi wapo waliovaa kama biskuti. Taa zote zinazimwa, msafara unaingia unaimba, unasimama, unaimba nyimbo kadhaa, unatoka unaimba. Dakika ishirini tu. Inafanyika shuleni, kanisani, hospitalini, maofisini, nyumba za wazee, na televisheni ya taifa inarusha alfajiri. Hata washindi wa Nobel walioko Stockholm wiki ile wana desturi ya kuamshwa hotelini na kina Lucia wakiwa bado na nguo za kulalia. Mzee wetu Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar aliposhinda ya fasihi 2021 korona ilikuwa imebana, medali akakabidhiwa London, kwa hiyo mwaka ule hakuamshwa na mtu.

Na si sikukuu ya mapumziko. Watu wengi wa nje wanadhani ni siku ya kufunga maofisi, hapana, saa 2 uko kazini, ila una makombo ya zafarani kwenye sweta.

Ile ishu ya dini naomba niiseme wazi maana najua wengi mnaoishi huku na watoto mnajiuliza. Shule za Uswidi hazitakiwi kufanya ibada kwenye masomo, na Lucia ya shuleni inachukuliwa kama mila ya nchi, nyimbo nyingi ni za mwanga, theluji na vibwengo wa Krismasi, japo zipo zinazomtaja mtakatifu. Ya kanisani ni ya kanisani, ina sala na mchungaji. Kuna familia za Kiislamu ninazozijua watoto wanaimba, kuna ambazo siku hiyo mtoto anabaki nyumbani, na zote mbili sijaona wakigombana nazo. Mi wa kwangu wanaimba. Kila mzazi na uamuzi wake.

Jingine ni nani anafaa kuwa Lucia. Kwa miaka mingi picha kichwani mwa watu ilikuwa msichana wa nywele ndefu za njano, na yale mashindano ya magazeti yaliizidisha, ikawa kama mashindano ya urembo. Shule nyingi sasa zinapiga kura ya bahati, kikaratasi kwenye kofia, au kila anayetaka avae taji. Lakini mwaka 2016 duka moja kubwa lilitoa tangazo lenye mtoto mweusi kavaa nguo za Lucia, mitandaoni yakamiminika matusi mpaka tangazo likaondolewa kwa kumlinda mtoto. Mtoto jamani. Halafu huyo Lucia wa kweli alikuwa Msisilia, sidhani kama alikuwa na nywele za njano.

Haya, nyumbani. Zamani kabla ya misafara ya shule ilikuwa hivi, binti mkubwa wa nyumba anaamka kabla ya wote, anavaa nyeupe, anawapelekea wazazi kahawa na maandazi kitandani akiimba, na mi naipenda hii kuliko ile ya ukumbini. Haihitaji vitu vingi. Gauni jeupe lolote refu, hata kanzu ya baba yake iliyopungua, utepe mwekundu, sinia, na taji.

Kwenye taji naomba mnisikilize wenye watoto wa misuko. Mwaka wa pili nilijifanya najua, nikanunua taji la mishumaa ya kweli, lile la chuma lenye vishikio, manake niliona ndo la asili. Wenyewe wanaolitumia wanaweka kitambaa kilicholowa maji chini yake, kichwani, nta isidondokee nywele. Mi sikujua. Binti yangu alikuwa kasuka rasta za nailoni, nimemsuka mwenyewe wiki ile, siku mbili mgongo unauma. Tumewasha mishumaa mitano, kapiga hatua tatu koridoni, nta inadondoka puani kwake, kainamisha kichwa, nikasikia ile harufu. Mnaijua harufu ya rasta ikichomwa ncha kwa kiberiti, sasa hiyo hiyo lakini hukuichoma wewe. Nilimvua taji nikaliweka kwenye sinki nikafungulia bomba. Ilikuwa ncha ya rasta moja tu, imeyeyuka ikawa kama kishanga. Toka siku ile taji la betri, na rasta nazifunga nyuma kwanza ndo taji linakaa, vinginevyo linateleza mpaka kwenye nyusi.

Maandazi yake yanaitwa lussekatter, maana yake paka wa Lusse, na wengine wanalihusisha jina hilo na shetani aliyekuwa anakuja kwa sura ya paka, eti rangi ya njano inamtisha. Umbo la kawaida ni kama herufi S, kila mkunjo una zabibu kavu katikati kama jicho. Kinachoyafanya yawe yenyewe ni zafarani, na hapa mtu wa pwani anajisikia yuko kwao. Zafarani huku inauzwa kwa vipakiti vya nusu gramu na Desemba maduka mengi wanaiweka kwa keshia, inaibwa mno. Tunakwenda hivi: gramu 1 ya zafarani, hivyo vipakiti viwili, unaitwanga kwenye kinu kidogo pamoja na kijiko cha sukari mpaka iwe unga, halafu unailoweka kwenye maziwa ya uvuguvugu. Siagi gramu 150 yeyusha, tia maziwa nusu lita, yawe ya joto la mkono, ukizidisha unaua hamira. Hamira mbichi gramu 50, kama huna tumia ya chenga gramu 14 hivi. Sukari desilita 2, chumvi kidogo, na Waswidi wanatia aina ya jibini laini inaitwa kesella gramu 250 ili yasikauke, ukiwa nyumbani mtindi mzito uliochujwa unafanya kazi hiyo hiyo. Unga wa ngano kama kilo moja, lakini usiumwage wote, acha unga ulaini, ushike kidogo mkononi, manake ukikaza utakula matofali.

Uache uumuke mpaka uwe mara mbili, kata vipande, viringisha kila kimoja kama kamba ya urefu wa shibiri, kunja ncha moja huku na nyingine kule. Yaache tena nusu saa. Paka yai, na zabibu zikandamize mpaka ndani kabisa, ukiziweka juujuu zinaruka kwenye oveni, unakuta andazi kipofu. Oveni nyuzi 225, dakika 6 mpaka 8, usiondoke jikoni. Yakitoka funika na taulo yapoe ndani ya mvuke wake. Yanakauka haraka kuliko andazi lolote ninalolijua, ya leo kesho ni rusku, kwa hiyo yasiyoliwa ingiza friza usiku huohuo. Vidole vitabaki njano siku mbili.

Kando yake kuna pepparkakor, biskuti nyembamba za mdalasini, tangawizi na karafuu, hizi sisumbuki natoa kwenye kopo. Mchezo wake ni huu, weka moja kwenye kiganja, omba jambo moyoni, igonge katikati kwa kifundo cha kidole, ikivunjika vipande vitatu umepata. Wakubwa wanakunywa glögg, mvinyo uliochemshwa na viungo wenye zabibu na lozi ndani, ipo na isiyo na kilevi dukani, ndo tunayokunywa sisi.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe andaa kila kitu, nguo juu ya kiti, thermosi ya kahawa iko tayari. Asubuhi usiwashe taa hata moja, hili ndo kosa la wengi, wanawasha ya jikoni ili waone, halafu wanashangaa mbona haina maana. Mtu aamke gizani, asikie sauti kwanza, halafu aone mwanga unakuja kwa chini ya mlango.

Mwaka juzi mama yangu alikuwa kwetu, kaja kutoka Tanga kwa miezi mitatu, na kila siku ananiuliza hili jua lenu limekwenda wapi. Wanangu wakaamua Lucia mwaka huu ni ya bibi. Mkubwa na taji, mdogo na kofia yake ya nyota inayomwangukia usoni, sinia la lussekatter, chai ya tangawizi badala ya kahawa. Saa 12:15, nje kumejaa theluji na giza totoro. Wakanyata mpaka mlangoni kwa bibi, wakasukuma mlango wamuamshe, wakamkuta yuko macho zamani, yuko juu ya mswala anaswali alfajiri. Wakarudi nyuma. Wakakaa koridoni wamesimama wima, taji linawaka, chai inapoa, hakuna anayepumua, mpaka waliposikia anatoa salamu kulia na kushoto. Mkubwa akanikonyeza, akaingia, akafungua mdomo aanze wimbo, na mdogo wake nyuma kwa mshtuko akatangulia, "Shikamoo bibi!"

"Marahaba mjukuu wangu." Akawatazama juu mpaka chini, mishumaa, utepe, nyota, hakuuliza chochote. Akachukua andazi moja kwenye sinia, akalipasua, akalinusa, akaniangalia mimi niliyesimama mlangoni.

"Zafarani umetia kiasi gani humu?"